Kisanduku Chini ya Dirisha la Kwaya

Nitasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana Garissa nzima nadhani wamebaki watu wawili watatu ambao hawajanicheka, na hao walikuwa safarini: mimi ndiye niliyevunja misa ya Jumapili katika kanisa kongwe la parokia, tena nikiwa nimevaa suti.

Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa mchezo. Niliondoka hapa na begi moja, nikaosha vyombo ughaibuni miaka sita, nikarudi na diploma ya upimaji ardhi (iko ukutani, karibuni muione), na Jumapili hiyo alasiri nilikuwa niende kwa Haji Yusuf kusikia jibu la posa yangu kwa binti yake Hodan. Haji alikuwa ameshatuma neno kwamba anataka kujua jambo moja tu, kama kijana huyu wa ng'ambo ana akili au ana vyeti.

Basi asubuhi sina la kufanya, suti nimeshaivaa (mtu huvaa mapema asije akachelewa), nikafungua simu. Kuna mchezo nilijifunza kule, watu huficha visanduku mahali pa kihistoria, huandika vipimo vya setilaiti mtandaoni, na wewe unakitafuta, ukikipata unaandika jina lako katika daftari dogo lililomo na kukirudisha. Kule wastaafu hucheza na wajukuu wao. Nikaona mji wetu una kisanduku kimoja tu, nyuma ya kanisa, na hakuna aliyewahi kukipata. Nikajiuliza, nani mwingine hapa anajua kusoma vipimo?

Getini alikaa mlinzi, Mutua, na kifaa chake cha kukagulia watu. Kumweleza kungechukua sentensi moja. Lakini mtu mwenye diploma aombe ruhusa kwa mlinzi? Nikazunguka nyuma, nikaingia kwenye pengo la ua wanalopitia mbuzi, nikahesabu hatua kwa sauti, nikapiga magoti chini ya dirisha la kwaya, nikachimba kwa mikono, nikatoa kisanduku kilichozungushiwa utepe mweusi kote. Simu, kwa kunipongeza, ikaanza kulia: ti, ti, ti, ti.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Anayeishi hapa, penye makanisa yaliyowahi kurushiwa mabomu, anajua kwa nini watu wetu hawasubiri kuuliza maswali kuhusu kisanduku chini ya dirisha la kanisa. Hata mimi nilijua. Nilikuwa nimesahau kwa robo saa tu.

"Wewe! Weka hiyo kitu chini!" Mutua huyo, kwenye kona.

"Ndugu, mimi ni mpimaji..."

"Unapima nini? Lala! Mbali na hiyo kitu!"

Nikakiweka, nikaenda hatua ishirini, nikalala kifudifudi kwenye mchanga wa moto huku waumini wakitimka kwa geti la mbele (walivuka barabara, kisha wakasimama kutazama). Polisi wakaja, na kama ilivyo desturi yetu, wakawaita wazee wa kamati ya amani wanitambue mimi ni mtoto wa nani. Mzee aliyekuja ni Haji Yusuf.

"Haji, unamjua huyu?"

Haji akaitazama suti yangu. "Namjua. Leo ilikuwa anywe chai kwangu."

"Adeer," nikamwita kwa Kisomali kama mtu amwitavyo ami yake, mchanga mdomoni, "ni mchezo tu."

"Mchezo ya watu wangapi?"

"Mmoja."

Wakakifungua kwa tahadhari zao zote. Ndani mlikuwa na penseli, daftari dogo na ngamia wa plastiki. Haji akamwinua yule ngamia juani. "Warya, we kijana, umekaa Ulaya miaka sita, unarudi kutafuta ngamia nyuma ya kanisa? Si ungeenda Modogashe, wako wengi na wanatembea!"

Ng'ambo ya barabara walicheka wote, isipokuwa mama mmoja wa kwaya aliyeketi chini na kiatu kimoja mguuni, bado analitazama dirisha la kwaya. Nilipomwona, maelezo yangu yote ya setilaiti yakaniishia.

"Umetisha watu kwa nyumba ya ibada," Haji akasema. "Utatoa haal. Habari ya posa, baadaye."

Haal ni fidia tunayompa mtu tuliyemvunjia heshima. Angeweza kutumwa mtu, lakini Jumapili iliyofuata nilimkokota kondoo mnene kwa kamba mwenyewe, barabara kuu yote, hadi mbele ya padri na waumini, nikaomba radhi. Yule mama akanishika mkono. "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini siku nyingine piga hodi."

Jioni Haji akanimiminia chai. "Akili sijaiona," akasema. "Lakini kondoo umeleta mwenyewe, mchana, watu wakiona. Hodan anasema hiyo inatosha. Na mimi nasema hivyo."

Tumeoana. Nimeapa kutoinama tena karibu na ukuta wa nyumba ya ibada, iwe kanisa au msikiti, hata kamba ya kiatu ikifunguka natembea hivyo hivyo. Na kila mlinzi wa kila geti sasa namsalimu, namweleza jina langu, la baba, ninakokwenda na kilichomo mfukoni. Juzi mlinzi wa benki alinisihi niingie tu.