Bustani Iliyouza Nyumba

Baba alikuwa shamba boi katika nyumba ya mawe kule Lavington, nyumba ya enzi za mkoloni, yenye vigae vyekundu na bustani iliyofichwa nyuma ya uzio wa michongoma. Wazungu wake walipoamua kurudi kwao, waliitangaza kuwa inauzwa. Memsahib akamwambia, “Bustani ikipendeza, itanunuliwa haraka.”

Basi baba akajituma kama mwendawazimu. Kiangazi kile, sisi kwetu mtaani Kawangware tukipangia maji foleni na madebe yetu, yeye alikuwa akinyweshea mawaridi ya watu asubuhi na jioni.

Akaja tajiri mmoja, akaizunguka bustani, akaisifu, akanunua. Alikuwa na shamba boi wake, mtu wa kwao. Baba akarudi nyumbani na kijiti cha waridi ndani ya mkebe wa mafuta.

Alikipanda mlangoni petu, kando ya mtaro. Mama akamuuliza kama bado hajakoma. Kijiti kikashika mizizi. Baba akakizungushia mawe, akapaka ukuta chokaa. Wapangaji wenzetu wakawa wanapita wakisema, “Mzee, hapa kwako ni Lavington sasa!” Mimi nililichukia kila ua lililochanua.

Jumapili moja, tukitoka kanisani, tulimkuta mwenye ploti amesimama mlangoni petu na mgeni aliyevaa koti, akimwonyesha lile waridi.

Baba hakungoja kuambiwa. Aliingia ndani, akaanza kukunja godoro.