Msiba Usio na Marehemu

Nilipomwambia mama kwamba nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika chuo cha ughaibuni, nikiwa hapa hapa nyumbani na simu yangu, na kwamba chuo hicho kinachanganya hekima ya kiroho ya Mashariki na saikolojia ya Magharibi, aliacha kupepeta maharage akanitazama.

"Mashariki ipi?"

Nikaanza kumweleza habari za watawa wanaokaa milimani wamefumba macho, wakiufuatilia moyo mpaka utulie. Hakuningoja nimalize.

"Sisi hapa Keza, magharibi yetu ni Burundi na mashariki yetu ni Biharamulo," akasema. "Huko Biharamulo ndiko aliko mjomba wako. Kama kuna hekima inatoka upande ule, mimi sijaiona."

Basi, bila kujua, alikuwa amegusa sababu yenyewe ya mimi kutaka kusoma. Mjomba ni mdogo wake mama, anaishi Nyamigogo, na wakati huo walikuwa na miaka mingi hawajaambiana hata habari za asubuhi. Ugomvi ulianzia kwenye mazishi ya bibi. Mjomba ndiye aliyepewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu. Akasimama na suti yake, akakohoa, akataja watoto wote wa bibi mmoja mmoja, hata yule aliyefariki akiwa mchanga, akamruka mama. Mama aliyemuuguza bibi mpaka pumzi ya mwisho! Alikuwa amesimama pale pale mbele ya jeneza, kitenge kiunoni, akisubiri jina lake, na jina halikuja. Tangu siku hiyo mjomba akipiga simu, mama aliitazama ikilia mpaka ikachoka. Baadaye mjomba naye akaona isiwe tabu, akaacha kupiga.

Mimi nampenda mjomba. Ndiye aliyenifundisha baiskeli, kwa njia ya kunisukuma kwenye mteremko na kukimbilia upande mwingine. Mama nampenda zaidi, ingawa ni mbishi kuliko punda. Mimi ni mwalimu wa sekondari upande wa Rulenge, na shuleni nimepewa kazi ya unasihi, maana yake nina ofisi ninayochangia na mipira ya michezo. Wanafunzi wa watu nawapatanisha vizuri. Nyumbani kwangu nimeshindwa. Nilijiandikisha chuo kile nikitumaini kwamba kati ya Mashariki na Magharibi hapatakosekana dawa ya ndugu wawili wenye vichwa vigumu.

Kila nilichofundishwa nilikijaribu kwa mama. Nilianza na pumzi. Nikamwambia avute hewa polepole, aifuatilie inavyoingia na inavyotoka. Akasema amepumua tangu azaliwe bila kusimamiwa na mtu na hajawahi kukosea. Nikahamia kwenye kiti. Hili ni zoezi la Magharibi: unaweka kiti kitupu, unamwambia mtu ajifanye kwamba yule aliyemkosea amekikalia, kisha aseme yaliyo moyoni. Nikakiweka kiti katikati ya sebule. Mama akakitazama kwa muda mrefu, nami nikabana pumzi nikijua sasa yanakuja.

"Kiti hiki hakijanikosea kitu," akasema, akakirudisha mezani.

Wakati huohuo alikuwa amekwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani kuuliza kama mtoto wake amebadili dini. Kikao kilifanyika bila mimi kuwapo. Uamuzi ulikuwa kwamba kufumba macho si dhambi, ili mradi mtu aanze na ishara ya msalaba.

Ndipo ukaja mtihani wa mwisho wa vitendo. Kila mwanafunzi alitakiwa kuongoza kundi la watu wa jamii yake katika kikao cha kimya, huku mkufunzi akitazama moja kwa moja kwenye simu. Mwisho wa kikao kulikuwa na sehemu ya kumleta akilini mtu aliyekukosea na kumtakia heri. Nikaona hapo hapo ndipo pa kumpitishia mama. Nikamwomba mama anisaidie kupata kundi, nikamwambia nisipopata nitafeli, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mama hakubali mtoto wake afeli, hata kwenye jambo asilolielewa. Akawaita akina mama wenzake wa jumuiya, akawaahidi chai.

Mtandao kwetu unashika vizuri sehemu moja tu, kwenye kona ya uwanja karibu na migomba, kwa hiyo kikao kilikuwa nje. Asubuhi ile umande ulikuwa mwingi. Mama akakata nyasi, akazitandaza chini, juu yake tukaweka mikeka. Akina mama wakafika, wakavua kandambili, wakakaa chini wamenyoosha miguu, na kwa sababu ya baridi wakajifunika vitenge kichwani. Simu yangu niliifunga kwa kamba kwenye mgomba. Chuo kilikuwa kimesisitiza kwamba simu nyingine zote zizimwe, nami nikasimamia zoezi hilo kama askari. Yangu niliiwekea kizuizi isiingize simu ya mtu. Mkufunzi wangu, mama mmoja mwenye mvi nzuri na paka asiye na adabu, akatokea kwenye kioo akatupungia mkono. Nikagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko kuashiria mwanzo. Kimya kikatanda.

Mtu yeyote wa kwetu anayesoma hapa ameshaona nilichokuwa nimekifanya. Nyasi uwanjani, wanawake chini kwenye mikeka, vitenge kichwani, vichwa vimeinama, hakuna anayesema, na ni siku ya kazi. Mimi sikuona. Kichwa changu kilikuwa kimejaa watawa.

Mwendesha bodaboda mmoja akapita barabarani. Nilisikia pikipiki ikipunguza mwendo, ikazimwa kwa heshima, ikasukumwa kwa mkono mpaka ilipovuka nyumba yetu. Nikafikiri, ona jinsi utulivu unavyoambukiza.

Haukupita muda akaingia jirani wa kwanza. Kwetu ukifika msibani huulizi nani amekufa kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Unakaa chini, unanyamaza na wenzako, unasubiri msemaji wa familia. Jirani akakaa. Akaja mwingine na mkungu wa ndizi begani, akautua taratibu, akakaa. Wakaja wengine na kuni, na maharage. Wote walikaa vizuri kuliko kundi langu nililolifundisha. Nilipofumbua jicho moja nikakuta uwanja umejaa, na kwenye kioo mkufunzi wangu amejishika kifua.

"Mlete akilini mtu aliyekukosea," nikasema kwa sauti laini niliyokuwa nimeifanyia mazoezi. "Mtakie heri."

Mama akafumbua macho, akanikazia, akayafumba tena. Lakini mama mmoja wa nyuma, aliyekuwa ameingia katikati ya mambo, aliposikia habari ya kutakiana heri alidhani sasa marehemu anaagwa, akaangua kilio akimwita Mungu wake. "Yoo, Mana yanje!" Kilio kwetu hakiachwi kilie peke yake. Uwanja mzima ukapokea, na hata baadhi ya wale wa kundi langu, waliojua fika kwamba hakuna aliyekufa, wakalia kwa nguvu zote. Mkufunzi naye akalia kule kwao. Baadaye aliniandikia kwamba hajawahi kuona kundi likifungua moyo kiasi kile katika kikao cha kwanza, akanipa alama za juu kabisa, na mimi sijapata siku inayofaa ya kumfafanulia.

Mtandao ukakatika wakati wanaume wanaingia na turubai. Mbele yao alikuwa mzee mmoja jirani, na nyuma vijana wawili na majembe. Mzee akavua kofia.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Sasa tuambie, marehemu ni nani, na hawa vijana wachimbe wapi?"

"Hakuna marehemu, mzee."

"Mwili haujafika?"

"Hakuna mwili. Tulikuwa tunapumua."

"Mnapumua?"

"Tunapumua, mzee. Pamoja."

Mzee akageuka akawatazama vijana wake wa majembe, kisha akanitazama mimi kwa huruma kubwa, akamuuliza mama kama nimeanza siku nyingi. Nilitamani lile kaburi lichimbwe, niingie mimi. Mama ndiye aliyeniokoa. Akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akasema chakula kikishaingia kwenye uwanja wa mtu hakirudi kilikotoka, kwa hiyo moto uwashwe. Watu wakafurahi. Turubai likafungwa hivyo hivyo, sufuria kubwa za jumuiya zikaletwa, na pombe ya ndizi ikatokea nisijue wapi. Katika pilikapilika hizo hakuna aliyekumbuka kuwasha simu.

Alasiri watu wakiwa na sahani mikononi, pikipiki ikaingia uwanjani kwa kasi. Mjomba akaruka kabla haijasimama. Alikuwa amevaa suti yake ya misiba na vumbi jekundu la njia nzima kutoka Biharamulo. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba kuna msiba kwa dada yake. Akapiga simu ya mama, haipatikani. Akapiga yangu, haipatikani. Akamalizia mwenyewe.

Akajitupa kifudifudi kwenye zile nyasi.

"Dada yangu! Dada yangu, umeniacha na nani?"

Mama wakati huo alikuwa anatoka jikoni na mwiko. Akasimama. Mimi nikafungua mdomo niseme, akaninyooshea mwiko, nikaufunga. Akatembea kwa kunyata mpaka nyuma ya mjomba, akavuta kigoda, akakaa. Uwanja mzima ukaacha kutafuna.

"Nani atanifokea sasa?" mjomba akalia. "Tulipovuka kutoka Burundi kuja huku ulinibeba mgongoni siku nzima, na wewe mwenyewe ulikuwa mtoto! Nikakukojolea, hukunitua!"

Mama akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa kweli.

"Ulinipa blanketi, ukajifunika gunia! Ulinifundisha kusoma kwa kijiti mavumbini! Nilipougua surua ulimchinja kuku wako uliyempenda, ukaninywesha mchuzi..."

"Alikuwa bata," mama akasema.

Mjomba akainua uso kutoka kwenye nyasi.

"Kuku sikuwa naye. Alikuwa bata. Kama unasoma wasifu wangu, usome vizuri."

Mjomba aligeuka akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kisha akapiga yowe lililowatisha mbuzi mpaka nyumba ya tatu. Watu wakacheka mpaka wengine wakalala chini, na mzee wa kofia akamwaga mchuzi wake wote magotini. Mjomba hakucheka. Alisimama akijikung'uta nyasi, akasema amekuja kwenye msiba na siyo kwenye mchezo wa kuigiza, akamwamuru mwendesha bodaboda wake wageuze. Lakini yule kijana alikuwa ameshapewa sahani ya ndizi na maharage, akasema kwa heshima, "Samahani mzee, mpaka nimalize."

Kwa hiyo mjomba akabaki, na kwa kuwa amebaki, wakagombana. Miaka yote ile ikamwagika pale kwenye nyasi. Walianza kwa Kiswahili, wakaishia Kirundi, lugha ambayo kwayo mama hugombana bila breki. Nikaona hapa ndipo elimu yangu inapohitajika. Nikasogea katikati yao, nikaweka mkono kifuani, nikasema kwa sauti yangu laini, "Naomba sote tuvute pumzi..."

"Nyamaza!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Nikarudi nyuma. Nilikuwa na furaha isiyo na adabu, kwa sababu walikuwa wanazungumza.

"Uliwataja wote," mama akasema hatimaye, na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka. "Hata mtoto aliyekufa hana jino. Mimi ulinisahau."

"Sikukusahau."

"Sikusikia jina langu."

Mjomba akajifuta uso kwa mkono wa koti. Vumbi likageuka tope.

"Nilipofika kwako niliinua macho," akasema. "Nikaiona mikono yako. Ile iliyomwosha mama asubuhi. Nikajua nikilitaja jina lako nitalia mbele ya watu wote, na ukoo ulinipa mimi kazi ya kusimama. Nikaliruka. Nilisema moyoni nitalirudia mwishoni, na mwishoni nikashindwa tena."

Hata yule kijana wa bodaboda aliacha kula.

Mama akaweka mwiko chini, akatoka kwenye kigoda, akakaa naye kwenye nyasi.

"Si ungelia tu," akasema. "Alikuwa mama yetu."

Na mjomba akalia, mzee mzima na suti yake, na mama akamshika kichwa akalia naye, na mimi pia nikalia, nimesimama na sahani za watu mkononi.

Mzee jirani akavaa kofia yake, akawaambia vijana wa majembe, walioanza kuinuka kwa kilio kile, wakae, waendelee kula.