Gari Lililonyweshwa Maji

Wiki mbili zilizopita nilivuka mto kwenda Lubunga kuangalia kiwanja tulichokulia. Usidhani nilikuta kitu. Mahali palipokuwa na nyumba yetu moja pana nyumba nne za matofali, na kijana mmoja anachomelea milango ya chuma pale pale papa, baba yetu, alipokuwa akiegesha gari lake. Nilimwomba kiti nikakaa. Alifikiri nimechoshwa na jua, akaniletea maji ya kunywa, nami nilipoyaona yale maji nikayaweka chini. Acha nikusimulie wewe, maana wengi wa kusimuliwa wamekwisha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka tisa. Papa alikuwa fundi katika karakana ya reli inayokwenda Ubundu. Mama alikuwa mtu wa Maniema, ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili. Papa mwenyewe alikuwa mtu wa mto, mzaliwa wa Yanonge, mtoto wa mchonga mitumbwi, na wa kwanza katika ukoo wao kuacha tezo akashika spana. Hakuna aliyemlaumu kwa hilo, lakini nadhani yeye alijilaumu.

Siku moja alifika nyumbani na wenzake watatu wakisukuma gari la michezo. Lilikuwa dogo, la viti viwili, halina paa, jepesi hata wanaume wanne waliliinua wakalipitisha juu ya mtaro. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara Mgiriki wa ng'ambo ya pili. Magari ya namna hiyo, bati la nje hupigiliwa juu ya fremu ya mbao, na yule Mgiriki alikuwa amelileta kutoka Ulaya bila kuwauliza mchwa wa kwetu. Walikuwa wamekula karibu mbao yote, wakaacha bati na injini. Papa alilipata kwa bei ya vyuma chakavu. Mama alipoona limekaa juu ya matuta yake ya sombe, yaani kisamvu, hakusema naye kwa siku mbili.

Kila jioni akitoka kazini, papa alivua shati akaingia chini ya gari. Aling'oa bampa na kila kilichokuwa kizito bila sababu. Viti vya ngozi vilivyooza alivitupa, akaweka viti vya kekele, zile kamba za msituni watu wanazosukia vikapu. Springi aliziongezea bapa moja la springi za lori ili tumbo la gari lisikwaruze barabara zetu, na kwa kukosa grisi akazipaka mawese ya mama, tukawa na gari linalonuka kama sufuria ya maharage. Nafasi ya buji, yaani plagi ya injini, aliipima kwa wembe wake wa zamani wa kunyolea ndevu. Injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, kuku wa jirani walikimbilia msikitini, na jirani mwenyewe alikuja kusimama langoni, mikono kiunoni, asijue agombe au ashangae.

Ikabaki fremu. Papa alikuwa amekwisha kuomba mbao kavu karakana, kumbe babu alikuwa anasikiliza kutoka barazani. Babu, ambaye sisi watoto tulimwita Koko, alikuwa ameletwa kwetu mwaka ule kwa sababu ya macho. Yalikuwa yanazimika polepole, na daktari alikuwa ameacha kumpa matumaini. Mtu aliyechonga mitumbwi miaka arobaini sasa alikuwa anakaa mkekani akisubiri sahani, na alikuwa mkali kama pilipili. Samaki wa mjini walikuwa wabovu, chai ilikuwa maji, na kengele ya misheni ilikuwa inapigwa na mtu asiyejua kuhesabu.

“Chuma iko yako,” alimwambia papa. “Mbao iko yangu.”

“Papa, hii kazi iko nguvu,” papa akamjibu baba yake. “Na macho…”

“Nilikuuliza macho?”

Papa akaziacha zile mbao za karakana. Watu wa Yanonge walileta magogo kwa mto, na kwa wiki sita tuliamshwa na mlio wa tezo. Koko alichonga kwa kupapasa. Alipitisha kiganja juu ya kipande cha zamani kilicholiwa na mchwa, kisha akachonga kipya. Sijaona tena kazi kama ile. Kila kipande kiliingia mahali pake, bati likapigiliwa, milango ikafungwa kwa sauti ndogo kama mtu anayefumba mdomo. Katika majuma yale Koko hakulalamikia samaki hata mara moja.

Lakini Koko alikuwa amefanya kazi kama mchonga mitumbwi. Mtumbwi huchongwa mti ungali mbichi, tena maisha yake yote hukaa majini, haukauki. Gari halikai majini. Mama alipenda kutuambia sisi watoto kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, ila fremu ya gari si samaki. Haukupita mwezi, mbao zikaanza kusinyaa, maungio yakafumbuka na mlango wa kushoto ukalegea. Papa aliliona kwanza. Nilimkuta amechuchumaa, ameingiza ukucha kwenye ufa, uso wake siwezi kukueleza.

Aliniita nyuma ya jiko. “Kila asubui, mbele Koko aamuke, utamwanga maji kwa mbao. Yote, mpaka iloane. Utafunika na magunia. Na usimwambie mutu, unasikia?”

Mama alisikia. “Mficha uchi hazai,” alimwambia papa. “Muambie muzee ukweli, mutengeneze ingine.”

“Nikimuambia, atarudi kwa mukeka,” papa akasema. “Ile mbao ndiyo inamuweka muzima.”

Basi ndivyo nilivyopata kazi yangu. Alfajiri, wakati ukungu ungali juu ya mto na makasia ya wavuvi yanasikika yakigonga maji, nilichota ndoo nne na kulinywesha gari. Mbao ilikunywa, ikavimba, ufa ukajifunga. Nilipanguza, nikaficha magunia. Kisha Koko aliamka, akanywa chai aliyoitukana, akashika ukuta hadi kwenye gari. Alipitisha kiganja juu ya kila ungio, kuanzia mbele hadi nyuma, polepole, nasi sote tulisimama pale tulipokuwa. Mwishoni alisema, “Bado iko nguvu,” na ndipo mama alipokoroga uji tena.

Koko alitaka jambo moja tu: papa ampeleke Yanonge kwa lile gari, apite mbele ya wachonga mitumbwi wenzake waone mkono wake haujafa. Papa aliahidi. Ila alijua jua la njia ile lingefumbua kila ungio kabla hawajafika. Kwa hiyo alitafuta sababu. Mara kabureta haijatulia. Mara anataka kupunguza uzito tena, akatoboa matundu kwenye vishikio vya chuma. Mara bomba la moshi, mara breki. Majirani walimcheka kwamba ameoa gari kama mke wa pili. Ni mimi na mama tu tuliojua kwamba nusu ya kazi ile ilikuwa ya kununua siku.

Ikaja Januari na jua lake. Mikono yangu ilikuwa imepasuka, na masista shuleni walikuwa wananipiga kwa kusinzia. Asubuhi moja niliamka, nikasikia baridi, nikarudi chini ya kitenge. Nilijiambia siku moja si kitu. Sikuwa mgonjwa, sikusahau. Sikutaka tu.

Siku hiyo hiyo walifika wazee watatu wa Yanonge, wachonga mitumbwi, na furushi la samaki wa moshi. Papa alikuwa kazini. Koko aliwashika mikono akawapeleka kwenye gari, akicheka, akawaambia washike wenyewe. Kisha akapitisha kiganja chake. Kwenye mlango wa kushoto kidole chake kikaingia ndani ya ufa, chote, mpaka kwenye kifundo. Akakiacha humo. Mmoja wa wazee alifungua mdomo, Koko akamkata kauli.

“Bon, tuende tukule.”

Wakala. Koko alisifu samaki. Alipomaliza alimwomba mama amfungie mkeka na tezo lake, akashuka mtoni na wenzake mchana uleule. Alinigusa kichwa akipita. “Ubakie muzuri, bibi yangu mudogo,” akasema, kama babu wanavyowatania wajukuu wao wa kike kuwa ni wake zao.

Papa aliporudi, nilimwambia kila kitu. Hakunipiga, na ningependa angenipiga. Alikaa chini karibu na gurudumu na kusema, “Kosa iko yangu. Nilikupa mzigo wa mutu mukubwa.” Baadaye alibomoa fremu yote, akaijenga upya kwa mbao kavu za karakana. Alikuwa bado hajamaliza kupiga rangi tulipoletewa habari kwamba Koko amefariki. Safari ya kwanza ya lile gari hadi Yanonge ilikuwa ya mazishi, papa na mimi katika vile viti viwili. Njia nzima jua liliwaka na hakuna ungio lililolia.

Gari lenyewe lilipotea katika miaka mibaya iliyofuata, kama vitu vingi. Karakana imenyamaza. Mlio wa tezo sijausikia Lubunga miaka mingi. Mitumbwi siku hizi inaungwa kwa mbao za msumeno na misumari. Papa na mama wamelala makaburini, na kati yetu watatu hatukuzungumza tena habari ya asubuhi ile.

Nilipotoka pale kwa kijana mchomeleaji nilipitia kwa shangazi, mdogo wa mwisho wa papa, ambaye sasa anakaa Lubunga kwa watoto wake. Sijui kwa nini siku hiyo. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyemfukuza Koko, kwa uvivu wa ndoo nne. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachambua mboga zake kidogo.

“Nani alikuambia ulimufukuza?” akauliza. “Koko alijua tangu siku ya kwanza. Mutu wa pirogi, muchonga mitumbwi, ashindwe kujua mbao iliyomwangiwa maji? Alikuwa anasikia ndoo yako kila asubui. Alinyamaza kwa sababu ya papa yako, asipate haya.”

“Sasa alienda kwa nini?”

“Ile siku hakusikia ndoo. Alipofika Yanonge alituambia, alifurahi sana. Alisema, leo mutoto amelala. Nikibaki kule, kesho watamuamusha tena.”

Nina wajukuu wenye watoto, na tangu Januari ile sijawahi kulala hadi jua kutoka.