Lenzi ya Bandarini kwenye Kamera Mpya

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kamera, koti la mvua lililonipwaya na kamba ya katani yenye mafundo. Nilikuwa nimefika majuzi tu kutoka Iringa. Mkaguzi Mkuu wa Mizigo, mzee asiyepoteza maneno, aliniteremsha kwenye tumbo la meli iliyokuja bandari ya Mtwara kuchukua korosho, akanionyesha magunia yaliyolowa.

"Piga."

Nikaweka jicho kwenye kamera. "Mzee, kuna giza. Sioni kitu."

"Nani kakwambia uone? Pima!"

Ndivyo tulivyofanya kazi. Ofisi yetu ilipiga picha za mizigo iliyoharibika, ili mwenye mali na mwenye meli wasibishane kwa maneno matupu. Katika ile kamba, kila fundo lilikuwa nusu mita. Ncha moja unaigusisha kwenye gunia, nyingine unaishika chini ya kamera, unahesabu mafundo, kisha unazungusha pete ya lenzi mpaka kwenye namba ya mita hizo. Hapo lenzi imeshalenga, uone usione. Tundu la kupitisha mwanga unalibana liwe dogo, kwa sababu tundu dogo husamehe makosa: hata vitu vilivyo mbele au nyuma kidogo hutoka vikali. Flashi inamalizia.

Baada ya melini nilihamishiwa maghalani, chini ya Msimamizi wa Maghala, ambaye hakupokea picha isiyo na rula pembeni. Nikapelekwa Mnazi Bay kupiga mabomba ya gesi yaliyokuwa yakishushwa, jua la huko limenichubua pua mpaka leo. Mwisho nikaangukia kwa Meneja wa Madai, mama mkali kuliko mabosi wote niliowahi kuwa nao. Siku moja alinirushia picha mezani.

"Huyu mtu anafanya nini hapa? Mimi nimeomba gunia. Sura ya nini?"

Tangu hapo nikawa namwondoa kila mtu mbele ya lenzi. Hata mume wangu, aliyekuwa karani palepale bandarini, akiniona na kamera alisogea pembeni mwenyewe. Alipofariki nilitafuta picha yake niliyoipiga mimi. Haikuwepo hata moja. Jambo hilo linaniuma, na sitalipamba.

Ofisi ilipoacha kamera za filamu niliomba niachiwe lenzi yangu, wakanipa. Nikastaafu nayo. Sasa naishi Shangani, hapa hapa Mtwara, peke yangu, na kuna siku sauti pekee ninayoisikia nyumbani ni ya redio. Binti yangu Neema, aliyeko Mwanza, alilijua hilo ingawa sikumwambia. Akanitumia bodi tupu, isiyo na lenzi, ya kamera ya kisasa, hizi zisizo na kioo cha kuakisi ndani, pamoja na adapta.

Adapta ni pete tu ya chuma. Lenzi ya zamani ilizoea kukaa mbali na filamu, na kamera mpya ni nyembamba, kwa hiyo pete inaziba ile nafasi. Mara ya kwanza kamera iligoma, ikadai haina lenzi. Neema akanielekeza kwa simu wapi pa kuiruhusu ipige hivyo hivyo. Akaongeza, "Mama, kuna kitufe cha kukuza picha kabla hujapiga, uhakikishe umelenga." Nikamwambia mimi nimelenga gizani kabla yeye hajazaliwa.

Rafiki niliyebakiwa naye ni mmoja, Bi Somoe wa Mikindani, aliyekuwa akituuzia vitumbua kwenye geti la bandari. Wanawe waliamua kumhamishia Tanga awe karibu na matibabu. Nilitaka jambo moja tu, sura yake ibaki kwangu. Siku moja kabla ya safari nilikwenda, nikamkalisha barazani mbele ya mlango wake wa mbao wenye misumari, nikamshikisha ncha ya ile kamba ya kazini kwenye paji la uso.

"We Mama Neema! Ndiyo unanipima sanda kabisa?"

"Tulia, mwanamke. Mafundo manne."

Nikaweka mita mbili. Kivulini pale nililipanua tundu lote, nikapiga picha kumi. Kwenye kioo kidogo cha kamera zote zilionekana safi, na kile kitufe sikukigusa.

Jioni nikazifungua kwenye kompyuta. Bi Somoe alikuwa ukungu mtupu, macho hayaonekani. Adapta ilikuwa nyembamba kidogo kuliko inavyotakiwa, na kwa sababu hiyo lenzi ililenga mbali kuliko ilivyoandikwa. Nyinyi vijana mnaozipenda lenzi hizi, msiziamini namba za kwenye pete mpaka mmeijaribu adapta yenyewe. Kilichoniponza mimi ni kiburi.

Alfajiri nilipanda bodaboda mpaka Mikindani. Nikakuta kufuli. Jirani akasema gari liliwachukua mara tu baada ya sala.

Siku ya tatu alinipigia simu.

"Mama Neema, picha zangu zimetokaje? Nimewatambia watoto huku kwamba kanipiga mtaalamu."

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Lakini nimeandika ripoti za kweli maisha yangu yote.

"Mlango wako umetoka vizuri sana, Bi Somoe. Misumari yote inahesabika."

Akaangua kicheko. "Yaani nimetoa macho vile, kumbe unapiga ubao!" Nami nikacheka naye, mpaka nikasikia anavuta pumzi kwa shida, na kicheko kilikuwa kimeshageuka kilio.

"Basi njoo unipige nyingine," akasema.

Tanga ni safari ndefu ya basi, na mgongo wangu hata Mikindani unafika kwa vidonge.

"Nitakuja," nikamjibu, na huo ndio uongo niliomwambia.