Alinionya Kuhusu Muhogo, Nikamwita Mchawi

Nimekosa, ndugu zangu. Sina pa kuanzia ila hapo. Mtoto wangu alipoteza miguu kwa kazi ya mikono yangu, na mwanamke asiye na hatia akafukuzwa kijijini kwa maneno ya mdomo wangu. Ukweli wa hili la pili sijamwambia mtu hata mmoja mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, tumehamishiwa kijiji kipya huku Tarime. Mimi nilikuwa kiongozi wa akina mama kwenye shamba la kijiji. Nilikuwa na sauti, jamani! Nikisema twende, wanakwenda.

Tulipanda muhogo mchungu kwa sababu nyani na nguruwe pori hawaupendi. Tukapalilia mara moja tu, tukauacha na magugu yake. Mvua ikakata. Mtama ulikauka ukiwa haujafika magotini, ng'ombe wakakosa maziwa. Muhogo peke yake ndio uliosimama, lakini tulipoung'oa, loo! Mizizi myembamba kama vidole, imejaa nyuzi, michungu mpaka ulimi unakufa ganzi.

Jirani yangu alikuwa mjane mtu mzima, anaitwa Nyangi. Ndiye aliyenifundisha muhogo nilipoolewa: unamenya, unaanika juu ya mwamba, unaurundika na kuufunika majani mpaka uote ukungu, unakwangua, unaanika tena, ndipo unatwanga. Sasa siku moja ya njaa ile akanikuta mwambani na wenzangu, tunakusanya muhogo ulioanikwa siku mbili tu tukautwange.

"Mama Robi, huu hamjaufunika?"

"Watu wana njaa, mama. Tuwape ukungu wale?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Muhogo ulioteswa na jua shambani ukali wake unazidi ule wa mvua. Huu ndio wa kufunika siku nyingi zaidi. Mkiutwanga hivi, mtoto wako asile."

"Basi na wewe usile!" nikamjibu. Mtu aliyenifundisha!

Tuliula unga ule wiki hadi wiki, mboga ni majani na chumvi. Watu wakalalamika vichwa, kizunguzungu, wengine wakatapika. Nikawaambia ni njaa hiyo. Nikaendelea kutwanga.

Asubuhi moja nikamtuma Robi, binti yangu wa miaka tisa, alete kuni. Akainuka, akaanguka. Nikamkaripia! Ee Mungu, nilimkaripia!

"Simama, acha mchezo!"

Akajaribu tena. Magoti yakagongana, visigino havishuki chini, amesimama kwa vidole huku anatetemeka.

"Mama, miguu haitaki."

Hakuwa na homa wala jeraha. Jana yake tu alikuwa anaruka kamba.

Mwezi ule wakaanguka na wengine, watoto na akina mama, leo nyumba hii, kesho ile. Watu wakaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Wazee wakaita ritongo, baraza letu la jadi, na mmoja wao akauliza kama kuna aliyesikia neno baya kabla ya mambo haya.

Mimi nilijua. Sikuwa na elimu ya kulieleza, lakini moyoni nilijua ni unga. Nikaogopa wataniuliza nani aliamuru utwangwe. Nikasimama.

"Nyangi aliniambia mtoto wangu asile. Alijuaje?"

Baraza zima likageuka kumtazama. Yeye akanitazama mimi.

"Mama Robi, maliza. Sema na yale mengine niliyokwambia."

Nikaangalia chini, nikaketi. Hata wale waliomcheka mwambani pale walinyamaza, kila mmoja anaogopa lake.

Nyangi akaanza kueleza mwenyewe, wakamzomea kwamba ni mchawi, wakambomolea nyumba mchana kweupe. Akaondoka na jembe na kapu moja, hakulia, hakulaani.

Msimu uliofuata wakaja matabibu wa serikali. Wakapima wagonjwa, wakauliza tunakula nini na tunatengenezaje. Wakatuambia ni muhogo mchungu, hasa wa ukame, tena ulioharakishwa. Na kwamba miguu ile hairudi tena. Akina mama walilia sana. Hakuna aliyetaja jina la Nyangi. Na mimi sikulitaja.

Baadaye nilimfuata kwa kaka yake, upande wa Serengeti. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwomba radhi. Nikamkuta amekonda, anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Robi anatembea?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza! Nikamwambia anatembea kwa magongo mawili. Akatikisa kichwa, akaacha ungo wake, akanikorogea uji. Nikanywa. Akauliza nimefuata nini mbali hivi.

"Nimekuja kukusalimia tu, mama."

Akasubiri kidogo, kama mtu anayekupa nafasi. Kisha akanisindikiza mpaka njia kubwa. Mwaka haukuisha, nikasikia amefariki.

Robi sasa ni mtu mzima, na mpaka leo anamlaani Nyangi. Anasema muhogo tulikula wote, mbona akaanguka yeye? Mjukuu wa Nyangi alipoposwa na kijana wa ukoo wetu, Robi ndiye aliyepinga: "Hatuleti damu ya mchawi hapa!" Posa ikavunjika. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nikanyamaza tena! Nikisikia magongo yake uani, ko, ko, naweka tonge chini. Wakati mwingine nayasikia na yeye hayupo.

Akina mama wenzangu, kiangazi kikikaza msiharakishe muhogo. Palilieni mapema, na ule mchungu zaidi ndio muuvumilie zaidi, hata kama watoto wanalia. Mtu mzima akikuonya, usimcheke.

Na wewe uliyemwachia mtu abebe kosa lako, nenda kwake angali anapumua. Usiende kusalimia. Ukifika, sema kabla hujakaribishwa kitu, maana mimi nilifika, nikaketi, nikapewa uji na niliyemfukuza, nikanywa mpaka nikamaliza.