Dume wa Hewani

Kaka yangu hufundisha watalii mchezo wa tiara kule pwani. Mwaka huu alikuja likizo nyumbani Nambis na begi refu kuliko mlango wetu, akanichukua, tukahamia kwa shangazi, kijijini Gendabi. Siku tatu tulishinda Ziwa Balangida, chini ya Mlima Hanang, ambako baada ya mvua maji hufika magotini. Kesho yake angeondoka na tiara yake, nami sikuwa nimesimama juu ya ubao hata mara moja. Nilitaka mara moja tu.

Mchezo wenyewe unaelezeka kwa pumzi moja. Tiara pana kama turubai la kuanikia mahindi hufungwa kwenye mkanda kiunoni, miguuni unakanyaga ubao, na mikononi unashika mpini. Ukiuvuta, upepo unakubeba. Ukiusukuma mbali, upepo unapoa.

Lakini mimi nimekua nyuma ya jembe la maksai. Kwetu dume akivuta, nawe unavuta zaidi. Anayeachia kamba halimi. Kwa hiyo kila tiara iliponivuta niliukumbatia mpini kifuani, nayo ikaniburuta kwa tumbo ziwani, nikicheka na kumeza chumvi.

Mama mmoja mfugaji wa kijiji cha Getanuwas alikuwa ameleta ng'ombe kulamba magadi ufukweni. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimelala kwenye tope. Akaitikia marahaba, kisha akamuuliza kaka kama huyu ndiye mdogo wake ambaye watu wanasema amesoma. Kaka akakiri.

"Binti," akaniambia, "unang'ang'ania nini? Hawa ng'ombe wangu wote, umeona kamba?"

"Wakikimbia je, mama?"

"Nawafuata."

Kaka alinung'unika kwamba yeye amelisema hilo siku tatu, tena kwa lugha mbili.

Nikajaribu tena. Tiara ikavuta. Mikono ilitamani kukaza. Nikausukuma mpini kidogo, nikakiacha kiuno kimfuate yule dume wa hewani. Ubao ukapanda juu ya maji, na mimi juu ya ubao. Nimesimama! Maji yalikimbia chini ya miguu yangu, mlima ukateleza pembeni, nikapiga vigelegele peke yangu hadi sauti ikakauka.

Kurudi nilikuwa sijafundishwa. Kaka alinifuata kwa miguu mpaka mbali, akahema, akakunja tiara. Tulitembea saa nzima kwenye tope, na njiani nilimsimulia mara nne jinsi nilivyosimama. Alikuwa ameona mwenyewe. Akasikiliza zote nne.