Mshale wa Baba

Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ina sura nyingi za kuivalisha skrini, na kila sura ina mashabiki wake. Mimi ni mtu wa XFCE. Haina mbwembwe, na kwenye laptopu kuukuu ya steshenari yangu hapa Nyahanga inafunguka kabla hujakaa vizuri. GNOME niliiondoa siku ile ile niliyoiweka, maana vitu vyangu mwenyewe nilivitafuta kama mgeni. KDE niliisema vibaya miaka yote: bibi harusi asiyemaliza kujipamba.

Baba ndiye aliyenirudisha kwa KDE hiyo. Amechimba Nyarugusu tangu ujana, akikamatisha dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu. Sasa mikono inatetemeka, na daktari ametuambia ni sumu ya zebaki, haitapona. Nyumbani hakuna anayelitaja. Mama humtilia chai nusu kikombe isimwagike, nasi tunatazama pembeni anapohangaika na vifungo vya shati. Kwetu mkubwa haambiwi udhaifu wake.

Kilichobaki cha kumtoa kitandani kilikuwa mchezo wa karata kwenye laptopu yangu. Kila asubuhi alikuja dukani, akapanga karata zake hadi mchana huku akiwasimanga wateja wangu kwa miandiko yao. Kisha macho nayo yakagoma. Mshale wa XFCE ukawa unampotea, hata nilipoukuza, naye akaanza kubaki nyumbani amegeukia ukuta. Niliogopa. Nilijua akizoea kulala hatainuka tena.

Basi nikaweka kiburi pembeni, nikaweka KDE, kwa ajili ya rangi zake na maandishi yanayosomeka. Nikamfuata nyumbani.

"Shikamoo baba. Twende ukaone, nimekupangia karata upya."

"Marahaba. Mtaniua na mambo yenu." Lakini alikuwa anatafuta viatu.

Dukani akashika mausi. KDE ina ukarimu wake: ukitikisa mausi, inadhani mshale umekupotea, inaukuza ili uuone. Hilo sikulikumbuka. Mkono wa baba ukatetemeka, mshale ukakua. Ukatetemeka tena, ukakua zaidi, ukafunika karata. Mama mmoja wa sokoni aliyekuja kutoa kopi akacheka, bila ubaya wowote.

"Mzee, unachekecha dhahabu kwenye karai?"

Baba akaachia mausi, akaurudisha mkono mfukoni.

"Hata mashine imeona," akasema.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Yeye alifichuliwa na mshale, mbele ya watu, dukani kwa mwanawe.

Kuuzima ukarimu ule ni kubofya mahali pamoja tu, nami niliuzima kabla hajafika nyumbani. Nimemweleza, nimembembeleza, nimerudisha hata XFCE yake. Hataki. Sijui tena nishike wapi. Kila asubuhi nampelekea chai, nusu kikombe, na kila asubuhi namkuta amegeukia ukuta, ameulalia mkono wa kulia kwa uzito wake wote ili usitikisike.